MAGAZIJUTO: nani aliamua kuzidisha kutangulie kujumlisha?

Mwezi uliopita mpwa wangu wa darasa la tano alirudi kutoka shule akiwa amenuna. Alitupa begi kwenye kochi, akatoa daftari la hesabu, akanionyesha swali moja lililopigwa alama ya kosa kwa wino mwekundu:

10 − 3 + 2 = 5

“Mjomba, mimi nimefuata MAGAZIJUTO. Jumlisha inakuja kabla ya Toa, si ndiyo? Tatu jumlisha mbili ni tano. Kumi toa tano ni tano. Sasa kosa liko wapi?”

Nikamwambia jibu ni 9, kwa sababu zikibaki kujumlisha na kutoa tu, unaanza kushoto kwenda kulia. Akaniuliza hiyo ya kushoto kwenda kulia iko kwenye herufi gani ya MAGAZIJUTO. Haipo. Akauliza tena: “Kwani nani aliamua?”

Mimi ni mtu wa uzamili wa hisabati. Nimekaa miaka mingi nikiandika milinganyo ubaoni na kwenye karatasi. Lakini swali hilo la mtoto wa miaka kumi na moja sikuwa na jibu lake. Nikasema “ndivyo ilivyo”, naye akanitazama kama mtu aliyeniamini muda mrefu na sasa anaanza kuwa na mashaka. Akafunga daftari.

Makala hii ni jibu nililopaswa kumpa siku ile. Imenibidi nirudi nyuma zaidi ya miaka elfu moja kulipata.

Wimbo mmoja, maneno tofauti

Kwa msomaji ambaye hakupitia shule ya msingi Tanzania: MAGAZIJUTO ni kifupi cha MAbano, GAwanya, ZIdisha, JUmlisha, TOa. Tuliikariri kama wimbo. Jirani zetu wa Kenya na Uganda wanakariri BODMAS, ambayo mtoto wa Kitanzania naye anakutana nayo akifika sekondari, pale lugha ya kufundishia inapogeuka kuwa Kiingereza. Marekani wana PEMDAS, na ili watoto wasisahau herufi zake wametunga sentensi ya kumwombea msamaha shangazi mmoja anayeitwa Sally.

Hebu ziweke hizo tatu sambamba. MAGAZIJUTO na BODMAS zinataja kugawanya kabla ya kuzidisha. PEMDAS inataja kuzidisha kabla ya kugawanya. Sasa chukua 24 ÷ 4 × 2. Anayegawanya kwanza anapata 12. Anayezidisha kwanza anapata 3. Vitabu vya shule vya siku hizi, hata vya huko kwa shangazi Sally, vinasema jibu ni 12. Kwa hiyo mtoto wa Kimarekani anayefuata herufi zake neno kwa neno anakosa, kama mpwa wangu alivyokosa kwa kufuata za kwake.

Kama utaratibu huu ungekuwa sheria ya asili, mfano wa ile inayofanya jiwe lianguke chini, nchi mbili zisingekuwa na nyimbo zinazopishana. Huu ni utaratibu wa makubaliano. Ukitoka Tanzania kwenda Rwanda kupitia Rusumo, unaacha kuendesha gari upande wa kushoto na kuanza kuendesha kulia. Hakuna upande ulio wa kweli kuliko mwingine, ila lazima wote walio kwenye barabara moja wakubaliane. Kwenye hesabu ni hivyohivyo: 2 + 3 × 4 inaweza kusomwa ikatoa 20 au 14, na tusipokubaliana hatuwezi kuandikiana.

Lakini usiishie hapo ukadhani watu walirusha shilingi juu. Makubaliano haya yana sababu zake, na sababu zenyewe zinaonekana ukifuata historia ya jinsi hesabu zilivyoandikwa.

Zama ambazo hesabu ilikuwa maneno

Karibu mwaka 820, mjini Baghdad, Muhammad ibn Musa Al-Khwarizmi aliandika kitabu ambacho jina lake ndilo lililotupatia neno “aljebra”. Ukikifungua ukitafuta alama ya kujumlisha au ya kuzidisha hutaipata. Kila kitu kiko kwa maneno. Swali lake linalojulikana zaidi, kwa Kiswahili, lingekuwa hivi: mali na mizizi kumi ni sawa na dirhamu 39.

“Mali” hapo ni neno lilelile tunalolitumia sisi, tulilolipata kutoka Kiarabu. Al-Khwarizmi alilitumia kwa namba iliyozidishwa kwa yenyewe, na namba yenyewe akaiita mzizi. Leo tungeandika x² + 10x = 39. Jibu moja ni 3, maana 9 na 30 ni 39.

Sasa jiulize: je, kuna msomaji anayeweza kusikia “mali na mizizi kumi” akaanza kujumlisha mali na mizizi, kisha akazidisha yote kwa kumi? Hakuna. Lugha yenyewe imeshaifunga ile kumi kwenye mizizi, kama unavyosema mayai kumi au viti kumi. Kuzidisha kumejificha ndani ya jina la kitu, na “na” inakuja baadaye kuunganisha vitu viwili vilivyokwisha kukamilika.

Kiswahili kinafanya hivyohivyo kila siku. Tamka “elfu mbili na mia tatu”. Elfu mbili ni 1000 × 2. Mia tatu ni 100 × 3. “Na” ni kujumlisha. Mtoto ambaye hajawahi kusikia MAGAZIJUTO anajua kwamba hiyo ni 2300, na hajui kwamba amezidisha mara mbili kabla hajajumlisha mara moja. Utaratibu umo mdomoni mwake tayari.

Na tatizo nalo limo mdomoni. Mwenye duka akikwambia bei ni “elfu ishirini na tano”, anamaanisha 25,000. Lakini maneno hayohayo yanaweza kabisa kusomwa kama 20,005. Tofauti iko kwenye mabano tu:

1000 × (20 + 5) = 25,000

(1000 × 20) + 5 = 20,005

Dukani hatugombani kwa sababu hakuna anayetaja bei ya 20,005. Na anayetaka kuwa salama anasema “ishirini na tano elfu”. Ila ukiondoa duka, ukaondoa sauti ya msemaji na pumzi anayovuta kati ya neno na neno, ukabaki na maandishi matupu, utata unarudi. Hilo ndilo lililowapata wanahisabati walipoanza kuacha maneno na kutumia alama.

Alama hazikuja siku moja

Tunavyofundishwa ni kama alama nne, + − × ÷, zilizaliwa pamoja kama watoto pacha. Kumbe kati ya mbili za kwanza na mbili za mwisho kuna zaidi ya karne moja.

Alama + na − zinaonekana kwa mara ya kwanza kwenye kitabu kilichochapwa mwaka 1489 mjini Leipzig, Ujerumani. Kitabu kiliandikwa na Johannes Widmann na kilikuwa cha hesabu za wafanyabiashara. Angalia alivyozitumia: kwenye hesabu ya mizigo ya tini, alama hizo zinaonyesha mzigo upi umezidi uzito na upi umepungua. Yaani − ya Widmann ilikuwa kama lebo iliyobandikwa kwenye namba. “Huu umepungua ratili kadhaa.” Muda mrefu kabla yake, mwaka 628, mwanahisabati wa India aitwaye Brahmagupta alizieleza namba chanya na hasi kama mali na deni, na akaweka kanuni za kuvichanganya. Shika hiyo habari ya lebo na deni, tutairudia.

Alama ya = ilikuja mwaka 1557 kwa Robert Recorde, mzaliwa wa Wales. Alama ya × ikachapwa mwaka 1631 kwenye kitabu cha Mwingereza William Oughtred. Na ÷ ikachapwa mwaka 1659 huko Zürich, Uswisi, kwenye kitabu cha Johann Rahn.

Swali la msingi: katika miaka yote ile kati ya 1489 na 1631, watu waliandikaje kuzidisha? Wengine kwa neno. François Viète wa Ufaransa, aliyeeneza matumizi ya herufi kwenye aljebra mwaka 1591, aliweka neno la Kilatini katikati ya herufi mbili. Halafu ikatokea njia rahisi kuliko zote: kutoandika chochote. Mwaka 1631 kilichapwa kitabu cha Thomas Harriot, aliyekuwa ameshafariki, ambamo a mara a mara a ni aaa. Mwaka 1637 René Descartes, kwenye La Géométrie, akaandika ab kwa a mara b, na a³ kwa a iliyozidishwa mara tatu.

Tazama sasa jinsi mstari wa Descartes unavyoonekana:

ab + cd

Herufi a na b zimegandana. Herufi c na d zimegandana. Kati ya makundi hayo mawili kuna alama na nafasi. Jicho linaona vitu viwili vilivyounganishwa na “na”, kama elfu mbili na mia tatu. Hakuna aliyehitaji kuambiwa azidishe kwanza, maana karatasi yenyewe ilikuwa inaonyesha. Na kipeo kimegandana zaidi: kwenye ab² ile 2 imempanda b mgongoni, haimhusu a.

Hili ndilo jibu la nusu ya kwanza ya swali la mpwa wangu. Hakuna mfalme wala kamati iliyokaa ikaamua kuzidisha kutangulie kujumlisha. Watu waliokuwa wakiandika aljebra siku nzima walichoka kuandika alama ya tendo walilolitumia zaidi, wakaiacha, na kuzidisha kukawa ndiyo gundi ya mstari. Alama ya × ilipoingia mashuleni katikati ya namba, ikarithi heshima ileile. Ila namba hazigandi kama herufi, huwezi kuandika 34 ukimaanisha 3 × 4. Kwa hiyo 2 + 3 × 4 inaonekana kama foleni ya namba tatu zilizoachana sawasawa. Gundi imetoweka machoni, kanuni imebaki, na mtoto analetewa wimbo wa kuziba pengo.

Mabano na mstari

Ikiwa kuzidisha ni gundi, unafanyaje pale unapotaka kujumlisha kutangulie? Unahitaji kamba ya kufungia. Nicolas Chuquet wa Ufaransa, mwaka 1484, alipiga mstari chini ya sehemu anayotaka isomwe kama kitu kimoja. Niccolò Tartaglia wa Italia alitumia mabano ya duara mwaka 1556. Mwenzake Rafael Bombelli, mwaka 1572, alitumia alama inayofanana na herufi L na nyingine iliyogeuzwa. Mwaka 1646 Frans van Schooten, Mholanzi, alipochapa kazi za Viète, aliweka mstari juu. Wakati huo wote kulikuwa na mstari mwingine uliofanya kazi hiyohiyo bila kelele, ule wa sehemu. Ulikuwa ukitumiwa na Al-Hassar wa Maghrib kwenye karne ya 12. Ukiandika 6 + 4 juu ya mstari na 5 chini, hakuna anayeuliza aanze na lipi. Mstari umeshafunga juu na umeshafunga chini.

Kwa hiyo MA ya MAGAZIJUTO ina hadhi tofauti na herufi zinazofuata. Mabano si tendo. Mabano ni mwandishi anayekwambia: hapa soma kama ninavyotaka, usisome kama ulivyozoea.

Ugomvi wa kugawanya

Nusu ya pili ya swali ndiyo ngumu, na hapa wanahisabati wenyewe hawakuwa wamoja. Alama ya ÷ ilipendwa Uingereza baada ya kitabu cha Rahn kutafsiriwa huko mwaka 1668. Ujerumani walipenda nukta mbili (:) za Gottfried Leibniz. Leibniz huyohuyo, mwaka 1698, alimwandikia Johann Bernoulli kwamba haipendi × kwa sababu inafanana mno na x. Na Denmark na Norway alama ya ÷ ilitumika kwa muda mrefu ikimaanisha kutoa! Mtoto wa huko angeona 10 ÷ 2 akajibu 8, akapewa vema.

Wanahisabati wenyewe hawakuteseka sana, maana walitumia mstari wa sehemu. Walioteseka ni walimu. Shule zilipokuwa nyingi, watoto wengi wakafanya mtihani mmoja, na kila swali likawa linahitaji jibu moja la kusahihishia, mazoea yakabidi yaandikwe kama kanuni. Mwaka 1917 profesa mmoja wa Marekani, N. J. Lennes, aliandika kwenye jarida la hisabati akionyesha kwamba vitabu vya shule vilikuwa vinajipinga. Kanuni yao ilisema kuzidisha na kugawanya kufanywe kwa zamu kutoka kushoto. Lakini wakikutana na 9a² ÷ 3a, waandishi haohao waliandika jibu ni 3a. Ukifuata kanuni yao kwa uaminifu, unagawanya kwa 3 kisha unazidisha kwa a, unapata 3a³. Gundi ya Descartes ilikuwa na nguvu kuliko kanuni ya kitabu.

Mwaka 1923 kamati ya kitaifa ya Marekani kuhusu ufundishaji wa hisabati ilipendekeza alama ya ÷ iachwe kwenye aljebra, itumike sehemu. Mwaka 1928 mwanahistoria Florian Cajori, kwenye kitabu chake kikubwa cha historia ya alama za hisabati, alieleza kwamba pale × na ÷ zinapokutana bado hapakuwa na makubaliano ipi itangulie. 1928, msomaji wangu! Kuna wazee wetu waliokuwa wameshazaliwa. Tunaifundisha kanuni hii kana kwamba imeshuka na mvua ya kwanza, kumbe ina umri wa babu.

Mashine zikalazimisha, ila si zote

Kompyuta haina aibu wala haikisii ulichomaanisha. Timu ya John Backus ilipotoa lugha ya FORTRAN mwaka 1957, ilibidi iamue moja kwa moja: vipeo kwanza, kisha kuzidisha na kugawanya, kisha kujumlisha na kutoa. Walivyofanya inafurahisha. Programu yao ilikuwa inaongeza mabano ya ziada kuzunguka alama, mengi kwa zile zinazosubiri na machache kwa zile zinazotangulia, hadi utata wote ukaisha. Yaani mashine ilikuwa inaandika kwa siri kamba zote ambazo sisi tunazifikiria tu.

Lakini Kenneth Iverson, aliyetunga lugha ya APL, alikataa kabisa. Kwake hakuna tendo linalotangulia jingine, unasoma kutoka kulia kwenda kushoto, basi. Na kikokotoo kidogo cha dukani, kalkuleta kama tunavyoita mtaani, mara nyingi kinafuata vidole vyako. Bonyeza 2 + 3 × 4 kitakupa 20. Cha mwanafunzi wa sekondari kitakupa 14. Hakuna kilichoharibika kati ya hivyo viwili, vimejengwa kwa makubaliano tofauti.

Mwaka 2019 watu waligombana mitandaoni dunia nzima kuhusu 8 ÷ 2(2 + 2). Wengine 16, wengine 1. Ukiwa umenifuata hadi hapa, unajua tayari chanzo chake. Wa 16 wanafuata kanuni ya kushoto kwenda kulia. Wa 1 wanaona 2 imegandana na mabano kwa gundi ya mwaka 1637. Ni ugomvi uleule wa Lennes, miaka 102 baadaye. Shirika la viwango la kimataifa, ISO, kwenye mwongozo wake wa alama za hisabati wa mwaka 2009, lilishasema ÷ isitumike kugawanya. Swali lenyewe limeandikwa vibaya, na mwandishi mwenye nia njema angeweka mabano mengine.

Tunarudi kwenye daftari

Sasa kosa la mpwa wangu lilitoka wapi? Ngoja tuipime MAGAZIJUTO kipande kwa kipande.

Kipande cha GAZI ni salama. Ukiwa na kuzidisha na kugawanya peke yake, ukatanguliza kugawanya kama wimbo unavyosema, hutakosa, mradi kama kuna kugawanya mara mbili mfululizo uanzie kushoto. Jaribu 24 ÷ 4 × 2, jaribu 5 × 12 ÷ 3. Utapata jibu lilelile la kushoto kwenda kulia, labda tu upite kwenye sehemu njiani. Kwa hiyo kwenye kipande hiki sisi tuna bahati kuliko watoto wa PEMDAS.

Kipande cha JUTO ndicho chenye mtego. Kutanguliza kujumlisha kwenye 10 − 3 + 2 kunaifanya ile 2 ijiunge na 3, na zote mbili zikatolewa. Namba iliyokuja kuongeza imeishia kupunguza. (Juto, kwa Kiswahili, ni umoja wa majuto. Sijui kama aliyetunga wimbo alilisikia hilo, ila majuto ni mjukuu, na mimi yamenifikia kwa mpwa.)

Ukigeuza ikawa MAGAZITOJU, yaani kutoa kwanza, mtego unaondoka lakini unaingia mwingine: kwenye 4 + 2 − 3 mtoto ataanza na 2 toa 3, na namba hasi hajafundishwa. Hakuna mpangilio wa herufi utakaomwokoa kwa kukariri tu.

Kinachookoa ni ile lebo ya Widmann na lile deni la Brahmagupta. Alama iliyo mbele ya namba ni mali ya namba hiyo. Kwenye 10 − 3 + 2 kuna vitu vitatu: kumi iliyopo, tatu inayopungua, mbili inayoongezeka. Ukiisoma hivyo, hata JUTO inakuwa kweli: kusanya kwanza zote zinazoongezeka, 10 na 2 ni 12, kisha toa zote zinazopungua, 12 toa 3 ni 9. Wimbo haukudanganya. Ulichoacha kusema ni kwamba namba husafiri na alama yake.

Jumamosi iliyofuata nilikaa na mpwa wangu tena, safari hii bila “ndivyo ilivyo”. Nikamwambia: una elfu kumi, umenunua kitu cha elfu tatu, mama akakuongezea elfu mbili. Una shilingi ngapi?

“Elfu tisa.”

Nikamwonyesha daftari. Akalitazama. “Kumbe mimi nilifanya mama naye anichukulie?” Ndiyo, nikamwambia, kwa jibu lako mama alikuja kukupa akaondoka nazo. Akacheka.

Tukafanya na ya kuzidisha. Chai ya 500, na chapati tatu za 300. Tukaiandika 500 + 3 × 300. Nikamwambia ajifanye hajui kanuni, ajumlishe kwanza. Akapata 503 mara 300, sawa na 150,900. “Laki na nusu na zaidi kwa chapati tatu!” Akaona mwenyewe kwamba ile 3 ni ya chapati, haiwezi kwenda kujiunga na bei ya chai. Ni mizizi kumi ya Al-Khwarizmi, nilijiambia moyoni, sikutaka kumchosha.

Siwalaumu walimu. Mwalimu mwenye darasa lililojaa na dakika arobaini anahitaji kitu kinachokaa kichwani haraka, na MAGAZIJUTO inakaa. Na yule aliyempiga mpwa wangu alama ya kosa alikuwa sahihi: 5 si jibu. Ila mtoto naye hakuwa mzembe. Alifuata alichopewa kwa uaminifu wote, na alipouliza sababu, mimi mtu mzima nikamfungia mlango. Mtoto akifungiwa mlango huo mara tatu nne, anaanza kuamini kwamba hesabu ni amri za watu wasiojulikana na kazi yake ni kutii. Wengi tunaowasikia wakisema “mimi na hesabu hatupatani” walianzia hapo.

Tulipomaliza aliniuliza kama yeye anaruhusiwa kuweka mabano kwenye swali ambalo mwalimu hakuweka, ili asijichanganye. Nikamwambia anaruhusiwa, hata FORTRAN iliweka. Akachukua penseli, akarudi kwenye lile swali la wino mwekundu, akazungushia 10 − 3, akaandika 7 juu yake kwa maandishi madogo, kisha 9.